Ovaroli za Nyahanga

Mgeni alitarajiwa saa nne asubuhi, na saa tatu na nusu Sabiti alikuwa bado anasukuma makochi. Sebule yao ya Nyahanga, mjini Kahama, ilikuwa karakana ya ushonaji kwa miaka minne sasa. Vyerehani vitano vilipangwa kando ya ukuta, meza ya kukatia ilichukua nafasi ya meza ya chakula, na makochi mawili yaliyobaki yalibebeshwa majora ya kitambaa kizito cha bluu. Sabiti aliyahamishia majora chumbani, akayapanga makochi yatazamane, akaweka stuli katikati. Juu ya stuli alitandaza leseni ya biashara, cheti cha mlipa kodi, na muhuri aliochongesha wiki iliyopita, wenye jina lake na neno Mkurugenzi.

"Baba Amira, hapo ndipo Aneth anapokaa," mkewe Mwanaidi alimwambia. "Umemzibia njia ya pedeli."

"Leo Aneth atakaa nje kidogo. Mgeni hawezi kuingia akakuta fujo."

"Mgeni anakuja kutazama tunavyoshona."

"Anakuja kutazama kampuni," Sabiti alisema, akajifuta jasho. "Acha niongee naye mimi. Wewe ukileta maji inatosha."

Mwanaidi alikuwa amerudi juzi tu kutoka Tabora, kwenye msiba wa shangazi yake uliomweka siku kumi na mbili, na bado alikuwa anajaribu kujua nini kilifanyika na nini hakikufanyika alipokuwa hayupo. Alijua kwamba ovaroli thelathini ziliuzwa Nyarugusu, kwenye machimbo ya dhahabu. Alijua pia kwamba Mzee Deusi, fundi wao mkongwe, alikuwa hamtazami usoni tangu arudi. Hilo la pili lilimsumbua zaidi.

Mgeni alifika saa nne kasoro dakika tano. Aliitwa Violeth, afisa manunuzi wa kampuni moja ya ukandarasi iliyokuwa ikipeleka watu na mitambo migodini. Alikuwa mwanamke mrefu, mwenye viatu vya kazi vilivyochakaa nchani. Kampuni za aina hiyo sasa zilitakiwa kununua kwa wafanyabiashara wa hapa hapa, na Violeth alikuwa na orodha ya mafundi saba wa Kahama. Watatu alikuwa amekwisha kuwafuta.

"Karibu sana, mheshimiwa," Sabiti alimkaribisha kwenye kochi. "Mimi ndiye mkurugenzi."

Violeth hakukaa. Alizunguka polepole akitazama vyerehani, akagusa taa iliyoning'inia juu ya meza ya kukatia, akainama kuangalia mahali waya wa umeme ulipopita.

"Kwa siku mnashona ovaroli ngapi?"

"Hamsini," Sabiti alisema bila kusita.

Mwanaidi alikuwa anaingia na sinia la maji. Alisimama. Mafundi wawili wa upande wa dirishani waliinamisha vichwa, na Aneth, aliyekuwa amesimama mlangoni kwa sababu kiti chake kilikuwa kimezibwa na kochi, akajifanya anatazama barabarani.

"Hamsini kwa vyerehani vitano," Violeth alirudia taratibu. "Kila fundi ovaroli kumi kwa siku."

"Tukijituma."

"Mshono wa hapa katikati mnapiga wa namna gani?"

"Ule imara. Ule wa kawaida, lakini imara."

Violeth alimtazama kidogo, kisha akaomba sampuli. Sabiti alimpa ovaroli iliyopigwa pasi na kuwekwa ndani ya mfuko wa plastiki. Violeth aliitoa, akaigeuza ndani nje, akashika msamba wa suruali kwa mikono miwili na kuvuta. Hakuvuta kwa hasira, alivuta kama mtu anayefungua mlango uliokaza. Mshono ulilia tatata, ukafumuka karibu shubiri nzima.

Pikipiki ilipita nje, ikapotea.

"Huyu mzee," Sabiti alisema, akimwonyesha Mzee Deusi kwa mkono wazi. "Macho yake yamechoka. Nimekuwa nikimvumilia kwa sababu ni mtu wa siku nyingi."

Mzee Deusi, ambaye jina lake kamili lilikuwa Deusdedit, alikuwa na miaka hamsini na nane, na thelathini na mbili kati ya hiyo aliitumia mbele ya cherehani. Alivua miwani. Aliikunja futi ya kupimia iliyokuwa shingoni mwake mpaka ikawa kigurudumu kidogo, akaiweka mfukoni.

"Nashukuru," alisema. Kisha akatoka, akivaa ndala zake nje ya mlango bila haraka.

Mwanaidi aliweka sinia chini. Aliichukua ile ovaroli, akavuta ncha ya uzi iliyochomoza, akaizungusha kidoleni na kuikata kwa kuvuta kidogo tu. Aliutazama uzi, kisha akatazama makoni ya uzi yaliyokuwa juu ya vyerehani. Yalikuwa na rangi ile ile ya bluu na karatasi inayofanana, lakini hayakuwa yale aliyoyaacha.

"Dada Violeth," alisema, "si macho ya Mzee Deusi. Ni uzi. Huu ni uzi wa magauni na mashuka. Na tumeununua sisi, si yeye."

Violeth alimgeukia. "Wewe ni nani hapa?"

Swali lilikuwa jepesi, lakini Mwanaidi alilikosea jibu. Alitazama leseni pale juu ya stuli, akatazama muhuri.

"Mimi ndiye ninayekata vitambaa," alisema.

Violeth alifungua daftari lake, akaandika kitu kifupi. Sabiti alinyoosha shingo kutaka kuona kama amefutwa.

"Ijumaa saa nne, ofisini kwetu," Violeth alisema. "Sampuli tatu mpya. Na aje mtu anayejua kazi." Aliyanywa maji yote ya glasi akiwa amesimama, akashukuru, akaondoka.

*

Sabiti alisubiri mafundi waende kula ndipo akaufunga mlango.

"Umenivua nguo mbele ya mgeni."

"Nimesema sisi. Sikusema wewe."

"Kila mtu anajua anayenunua uzi ni nani."

"Basi ningesema nini? Ningemwacha Mzee Deusi aende nyumbani kama kipofu?"

Sabiti alikaa kwenye kochi la wageni. Miaka mitano nyuma alikuwa dereva wa lori la mgodini, mpaka mgongo ulipomwangusha na kampuni ikamlipa kiinua mgongo chake na kumtakia afya njema. Mwanaidi ndiye aliyeanza kushona, kwa cherehani kimoja cha mkopo. Walipokwenda kuandikisha biashara, kitambulisho chake cha taifa kilikuwa hakijatoka, cha mumewe kikawa tayari, basi wakaandika jina la mumewe. Lilikuwa jambo la dakika tano. Tangu siku hiyo, kule barazani alikokunywa kahawa baada ya sala ya alasiri, Sabiti alikuwa na cha kujibu wanaume wenzake walipomuuliza anafanya nini siku hizi.

"Jina langu ndilo liko kwenye leseni, Mama Amira."

"Najua liko. Lakini mshono haukufumukia kwenye leseni."

Sabiti alisema kwa sauti ya chini, "Nilipata koni kwa nusu ya bei pale Mwanza. Nikasema inayobaki inatufikisha kwenye cherehani cha sita. Nilitaka ukirudi msibani ukikute."

Mwanaidi alimwamini, na kumwamini huko ndiko kulikomuumiza. Alijua namna mumewe alivyotembea maduara, yale mashimo ya wachimbaji wadogo, na mzigo begani, akiuza ovaroli kwa watu ambao yeye Mwanaidi asingejua hata pa kuwapata. Bila miguu ya Sabiti, vyerehani vitatu kati ya vitano visingekuwepo.

"Mzee Deusi hakukwambia kuwa uzi unakatika?"

"Alisema."

"Ukamjibu nini?"

"Nikamwambia ashone tu. Nikamwambia asikupigie simu kukusumbua msibani."

"Na zile thelathini za Nyarugusu zilishonwa kwa uzi gani?"

Sabiti aliinuka, akauchukua muhuri wake, akauangalia chini kama mtu anayesoma, akaurudisha. Asubuhi iliyofuata, binti yao Amira alipokuwa anajiandaa kwenda shule, alimwona baba yake akikunja kiroba kitupu na kukitia kwenye mkoba.

"Baba, unakwenda kuuza? Mzigo uko wapi?"

"Leo sina mzigo," Sabiti alisema. "Mwambie mama yako nimekwenda Nyarugusu."

*

Siku hiyo hiyo ya Jumanne, Mwanaidi alikwenda kwa Mzee Deusi. Alimkuta amekaa kibarazani, anashona kwa mkono sketi ya shule ya mtoto wa jirani.

"Shikamoo, Mzee Deusi."

"Marahaba, Mama Amira. Vuta kigoda."

Alikaa. Waliulizana habari za nyumbani, za Tabora, za msiba, za mvua iliyokataa kunyesha. Mzee hakumsaidia kulifikia neno lililomleta, na Mwanaidi hakulaumu.

"Nimekuja kuhusu jana," alisema mwishowe.

"Jana wewe hukunikosea. Ulisema ukweli nikiwa nimeshafika barabarani, lakini Aneth alikuja kuniambia."

"Basi rudi kazini."

Mzee Deusi alikata uzi kwa meno. "Shemeji yangu ana fremu ya ushonaji Runzewe. Ameninunulia cherehani cha umeme, bado kiko kwenye boksi. Alhamisi jioni anapita hapa na gari. Miaka yote hiyo nilikuwa namwambia siwezi, nina watu wangu Nyahanga." Aliigeuza sketi upande wa pili. "Mama Amira, fundi akiitwa kipofu mbele ya mteja, kesho mji mzima unajua. Mimi sina leseni wala muhuri. Mimi nina macho na mikono basi."

"Unataka nini, Mzee?"

"Alinisema mbele ya watu wanne na mgeni. Aniombe radhi mbele ya hao hao wanne. Mgeni namsamehe."

Mwanaidi alifikiri. Ingekuwa rahisi kusema atafanya. Wanawake wengi aliowajua walikuwa wakiahidi kwa niaba ya waume zao, kisha wakarudi nyumbani kuanza kubembeleza.

"Siwezi kukuahidi mdomo wa mtu mwingine," alisema. "Yule ni mtu mzima, atasema au hatasema. Ninachoweza kukuahidi ni uzi. Asubuhi hii nimekwenda sokoni, nimeuza mitungi yangu miwili ya gesi, nimenunua koni nane za uzi wetu wa zamani. Ule mwingine nimeutoa wote. Hautarudi pale ndani nikiwa hai, hata ukiletwa bure."

Mzee Deusi alitabasamu kidogo, kwa mara ya kwanza.

"Gete?"

"Kweli kabisa."

"Mkasi wangu niliuacha pale," mzee alisema. "Alhamisi asubuhi nitakuja kuuchukua. Zaidi ya hapo sisemi."

*

Herman alikuwa msimamizi wa duara moja lililoko upande wa juu wa Nyarugusu, mtu wa Kigoma aliyezunguka machimbo tangu ujana. Alikuwa ndiye mteja wa kwanza wa Sabiti pale, na ndiye aliyemtambulisha kwa wengine. Alipomwona akipanda kilima bila mzigo, alicheka.

"Leo umekuja mikono mitupu, bosi wa nguo?"

"Nimekuja kuziona zile za mwisho. Zinakwendaje?"

Herman alipiga mluzi, akamwita mchimbaji mmoja aliyekuwa anasukuma toroli la mawe kuelekea kwenye karasha, mashine ya kusagia mawe. Kijana yule alikuja akiwa amevaa ovaroli ya bluu ambayo Sabiti aliitambua kwa mbali. Ilikuwa wazi kutoka kwapani mpaka kiunoni, na mahali pa mshono palikuwa pamefungwa kwa vipande vya waya.

"Hewa inaingia vizuri," kijana alisema, na wenzake wakaangua kicheko.

Sabiti alijaribu kucheka nao. Angependa wamtukane. Hawakumtukana, walikuwa wamekwisha kumweka kwenye kundi la wachuuzi wa kawaida, wanaouza na kupotea. Chini ya kibanda cha chakula kilichokuwa karibu aliona ovaroli mpya za kijivu zimetundikwa kwenye kamba, za mfanyabiashara mwingine, zilizotoka nje ya nchi. Wateja wake walikuwa wamekwisha kuzizoea.

"Hiyo ni ya kucheka," Herman alisema walipobaki wawili. "Kuna nyingine hatukucheka. Kijana wangu alikuwa winchini, anapandisha mzigo. Mguu wa suruali ulikuwa umefumuka kuanzia chini mpaka gotini, anaburuza kitambaa. Kikanasa kwenye winchi. Ilimvuta hatua mbili, tatu. Bahati ile nguo ilichanika. Ingekuwa imara pale iliponasa, tungekuwa tunaongea mengine."

Sabiti alitazama kuelekea winchini. "Yuko wapi?"

"Yuko chini, anafanya kazi. Amepata mchubuko. Mbona umekaa chini?"

Sabiti alikuwa amekaa juu ya gogo bila kujua. Alikuwa amefanya kazi mgodini miaka tisa, alikuwa amewahi kuona mtu akivutwa na mtambo. Wakati ule anakubaliana bei na muuza uzi wa Mwanza, picha ile haikumjia hata mara moja.

Alikitoa kiroba.

"Nataka kuzichukua zote. Nitazirudisha zimeshonwa upya, bila malipo, kabla ya wiki mbili kwisha."

"Hakuna aliyekuomba."

"Najua."

Zilipatikana kumi na tisa. Nyingine zilikuwa zimetupwa, nyingine wenyewe walikuwa wamehamia maduara mengine. Wachimbaji walizivua wakicheka, wakabaki na kaptula na fulana, wengine wakamwambia wazi kuwa hawategemei kuziona tena. Herman alimsaidia kuzishindilia kwenye kiroba.

"Mwenye biashara anajua kuwa unafanya hivi?" Herman aliuliza. "Au mwenyewe ni wewe?"

Sabiti alikaza kamba mdomoni mwa kiroba. Ilimchukua muda mrefu kuliko fundo lilivyohitaji.

"Mwenye biashara ndiye aliyeniuliza habari za hizi ovaroli," alisema. "Ni mke wangu."

*

Alhamisi asubuhi Mzee Deusi alifika kuchukua mkasi wake. Aliukuta pale pale alipouacha, juu ya meza ya kukatia. Aneth na mafundi wawili walikuwa kazini. Makochi yalikuwa yamerudi ukutani na majora juu yake. Mwanaidi alikuwa anachora kitambaa kwa chaki, na hakusema neno zaidi ya salamu.

Sabiti alitoka chumbani na kiroba. Alikifungua katikati ya chumba, akakimimina sakafuni. Harufu ya jasho, vumbi na mafuta ya mashine ilijaa sebule. Mafundi waliacha pedeli.

"Mzee Deusi, shikamoo," alisema.

"Marahaba."

"Uzi niliununua mimi. Uliniambia unakatika, nikakujibu ushone tu. Jumatatu mshono ukafumuka, nikakusingizia wewe macho." Alisimama akitafuta maneno, na aliyoyapata yalikuwa mafupi. "Macho yako hayana tatizo. Naomba radhi. Aneth, na nyinyi, mmesikia."

Aneth hakujua atazame wapi. Mzee Deusi alibaki ameshika mkasi, anatazama lundo sakafuni kwa muda mrefu kiasi kwamba Mwanaidi alianza kufikiri amelikataa ombi lile. Kisha mzee aliinama, akaokota ovaroli yenye waya, akaupeleka ubavu wake dirishani kwenye mwanga, akavaa miwani.

"Hii ya kwapani inatakiwa kufumuliwa yote," alisema. "Ukiziba juu juu itaachia tena pembeni. Aneth, niletee wembe."

Alikaa kwenye kiti chake. Baadaye kidogo aliitoa simu mfukoni, akampigia shemeji yake wa Runzewe, akamwambia kwa Kisukuma kwamba lile boksi atafute fundi mwingine wa kulifungua.

Walishona siku nzima. Saa nane umeme ulikatika, wakahamia kwenye pedeli, wakafungua mlango na madirisha yote. Mwanaidi alikata sampuli tatu mwenyewe, Mzee Deusi akazipiga mshono mara mbili kwa kukunja, Aneth akaweka mikanda ya kung'aa. Sabiti, ambaye alikuwa hajawahi kushika wembe wa kufumulia tangu biashara ianze, alikaa sakafuni na Amira aliyerudi shule, wakafumua zile za Nyarugusu moja baada ya nyingine.

"Baba, unakata kitambaa," Amira alimwambia.

"Nionyeshe."

Binti alimwonyesha.

*

Ofisi ya Violeth ilikuwa kontena lililowekwa kiyoyozi. Alizivuta sampuli zote tatu, msamba, kwapa na mabega, akavuta mpaka mishipa ya shingo ikamtoka. Hakuna kilichoachia.

"Nani atajibu maswali ya kazi?" aliuliza.

Sabiti alikuwa amevaa shati lake la sikukuu na ndiye aliyebeba bahasha ya nyaraka. Aliiweka mezani, akaisukuma kidogo kumwelekea mkewe.

"Huyu. Mimi nauza."

"Kwa siku mnashona ngapi?"

"Kumi na mbili," Mwanaidi alisema. "Umeme ukikatika, kumi."

Violeth aliinua macho. "Jumatatu niliambiwa hamsini."

"Uliambiwa na muuzaji," Sabiti alisema, na Violeth akacheka kwa ghafla, kisha akajirudi na kuendelea kuandika.

Aliwapa ovaroli arobaini za majaribio. Alisema pia kwamba mkataba wowote mkubwa zaidi utamtaka anayesimamia ubora awe na jina kwenye usajili, si mtu anayejitambulisha kuwa mkata vitambaa. Mwanaidi alisema jambo hilo litafanyika. Wiki iliyofuata walikwenda pamoja kuanza kubadilisha usajili, wakaambiwa picha haifai, wakarudi na picha, wakaambiwa mfumo uko chini, wakarudi tena. Mara ya nne ulikubali. Majina yakawa mawili.

Katikati ya safari hizo Sabiti alirudisha ovaroli kumi na tisa Nyarugusu, siku ya kumi. Herman alizihesabu mara mbili. Hakuagiza nyingine siku hiyo, wala wiki iliyofuata. Wiki ya tatu alipiga simu akataka sita.

Arobaini za majaribio zilimalizika siku moja kabla ya muda, na kwa mwezi mzima hakuna iliyorudishwa. Ndipo Violeth alipowaita tena kwenye kontena lake. Safari hii aliwaagizia soda.

"Tuna watu wapya wanaingia," alisema. "Nataka ovaroli mia mbili. Wiki mbili."

Sabiti alivuta pumzi. Mia mbili ilikuwa cherehani cha sita, na cha saba, na pengine fremu barabarani ili watoke sebuleni. Neno tunaweza lilikuwa limeshafika mdomoni mwake. Alilimeza pamoja na soda, akamtazama mkewe.

Mwanaidi alikuwa ametulia. Alifikiria siku kumi na mbili za kazi, mikono ya Mzee Deusi, Aneth ambaye sasa anashona haraka kuliko wote, umeme, oda ya Herman na sare za shule alizokwisha kupokea.

"Mia na ishirini," alisema.

"Sijasema mia na ishirini. Nimesema mia mbili."

"Nimesikia, dada Violeth. Kwa wiki mbili nakupa mia na ishirini, kila moja kama zile ulizozivuta. Mia mbili sitakupa, maana nitakudanganya."

"Kuna wanaoniambia wanaweza."

"Pengine wanaweza. Mimi naweza mia na ishirini."

Kiyoyozi kilinguruma. Violeth aligongagonga kalamu juu ya meza, akatazama orodha yake, akaifunika. Akasema themanini zilizobaki itabidi azitafute Mwanza, na kwamba jambo hilo litamwongezea kazi. Kisha akavuta fomu, akaandika mia na ishirini kwa tarakimu na kwa maneno, akaigeuza upande wa Mwanaidi. Mwanaidi alisoma mstari kwa mstari kabla ya kuweka saini.

Nje jua lilikuwa kali na malori yalikuwa yanapanga foleni getini. Sabiti aliisogeza kivulini pikipiki waliyokuja nayo ili kiti kipoe. Alikuwa na mengi ya kusema kuhusu zile themanini za Mwanza, na Mwanaidi alikuwa anayasubiri. Lakini aliuliza jambo moja tu.

"Ulijua atakubali?"

Mwanaidi alijitanda mtandio vizuri, akaikunja ile fomu mara mbili, akaitia ndani ya mkoba wake.

"Sikujua," alisema, akapanda nyuma yake. "Twende, kitambaa kinatakiwa kukatwa leo."